Mama Mkwe na Ngozi Isiyo na Mnyama

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Malighafi,
Chuo cha Ufundi.

YAH: OMBI LA KUWATAMBUA BAKTERIA KUWA MIFUGO

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, tena ukiwa umeketi mahali pazuri. Nasema hivyo kwa sababu mambo ya kuketi ndiyo kazi yangu: mimi ni fundi wa masofa, na karakana yangu iko uani kwangu. Mke wangu ni mwanafunzi wako wa masomo ya jioni, yule mama anayekaa mbele kabisa na kuuliza maswali mpaka wenzake wanaanza kukusanya mikoba. Kabla hamjamchukua alikuwa akinishonea vitambaa vya makochi, na nyumba ilikuwa na amani. Sasa maji yamenifika shingoni. Naleta malalamiko yangu kwa namba, maana mke wangu anasema siku hizi jambo lisilo na namba halisomwi.

1. Malezi ya bakteria. Juu ya meza yangu ya kukatia kuna beseni. Ndani yake mna chai ya rangi, tena yenye sukari ya kutosha, na ndani ya chai wanaishi bakteria mliompa mke wangu. Eti wanakula ile sukari na kutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, na nyuzi zinajisuka zenyewe mpaka juu ya chai unatanda utando mzito, kama wa uji uliopoa. Sikatai kwamba ni ajabu. Lakini mimi daktari amenikataza sukari, na mlinzi wa kopo la sukari ni mke wangu huyo huyo. Kila asubuhi nakunywa chai isiyo na sukari huku nikiwatazama viumbe wasioonekana kwa macho wakishushia chai tamu ya nyumbani kwangu. Tena beseni halitaki kutikiswa, kwa hiyo misumari naigongea nje juani kama mtu aliyefukuzwa kwake.

2. Sponji. Mke wangu amenitangazia kwamba sponji ni uchafu. Yeye anajaza viti kwa usumba, nyuzi zile zile za kumbi la nazi ambazo watu huzitupa, na anazishikanisha kwa gundi iliyotengenezwa na bakteria wengine, wa ukoo tofauti. Nimekikalia kiti chake. Hakibonyei, hakinuki, hakitoi unga. Sasa mteja akikaa miaka na kiti hakijabonyea, atarudi kwangu kufanya nini? Kunisalimia? Halafu anasema kiti hicho kikichoka kitaoza na kuwa udongo, kisijulikane kama kiliwahi kuwepo. Kazi zangu mimi hazina tabia hiyo. Sponji niliyoitoa kwenye makochi ya mwaka niliooa bado iko mtaroni nyuma ya karakana, nzima kabisa, na mvua ikinyesha hurudi mpaka mlangoni kutujulia hali.

3. Ngozi. Hapa ndipo penye kidonda, naomba usome taratibu. Siku moja mke wangu alikuwa darasani kwako. Nikakuta karakanani, juu ya ubao, ngozi imetandazwa, kavu, rangi ya kahawia, nyuma yake imeshikwa na kitambaa cha katani, mbele imepakwa nta ikalainika. Mheshimiwa, mimi ngozi ya mbuzi na ya ng'ombe nazitofautisha nikiwa nimefumba macho. Nikaishika, nikaikunja, nikaivuta, nikainusa. Nikasema moyoni, hapa mke wangu amepata kitu cha maana. Nikaikata na kuvalisha nayo kiti cha mama mkwe, kilichokuwa kikinisubiri tangu zamani, nikampelekea jioni ile ile. Kumbe nimekata utando wa chai! Sikuitambua. Fundi mzima, mwenye mikono hii, sikuitambua. Kosa hilo nalipeleka moja kwa moja kwenu chuoni, kwa sababu kitu kisichokuwa ngozi kina wajibu wa kuonekana si ngozi.

4. Mama mkwe mwenyewe. Huyu ni mama mzazi wa mke wangu, na tangu harusi amekuwa akiniita "yule fundi". Nikimpelekea kitu huniuliza nitarudi lini kukirekebisha. Alipokikalia kiti hiki alipapasa mkono wa kiti, akaegemea. Kisha akaniita mwanangu. Jamani, nilitoka pale nikatembea mpaka nikapita nyumba yangu mwenyewe. Sasa kila jirani anayepita anaitwa ndani aone kazi ya mkwe, na kiti hicho hakimpi joto, hakimng'ang'anii mgongoni, wala hakilii akigeuka.

5. Mtihani. Mke wangu aliporudi akaona ubao mtupu, hakugomba, na afadhali angegomba. Ile ngozi ndiyo kazi yake ya mtihani, na nyingine haiwezi kuota ikakauka kabla ya siku mliyopanga. Bila ngozi, hana la kuwaonyesha, na anarudia mwaka. Nikamwambia aende akaiombe kwa mama yake. Akanitazama akasema, "Miaka yote hii nimesubiri mama akusifu. Siwezi kwenda kumwambia ainuke." Akaenda kuchemsha chai ya beseni jipya, na bado anajua haitawahi. Mimi pia siwezi kwenda. Mama mkwe hainuliwi kitini, hilo hata ninyi wasomi mnalijua, na nikimweleza sababu ya kumwinua nitakuwa yule fundi mpaka naingia kaburini.

6. Nyama. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imezidi. Siku ile ya kwanza mama mkwe aliuliza ngozi ni ya mnyama gani, na mimi kwa haraka, maana nilikuwa bado sijaambiwa, nikasema ni ya ndama. Ningekoma hapo. Lakini baada ya kuujua ukweli niliendelea, nikasema ndama alikuwa mpole, tena mwenye baka jeupe usoni. Wiki hii ameniuliza kwa upole mkubwa: ngozi imemfikia, je, nyama ya ndama huyo imekwenda kwa nani? Ananikumbusha kila nikipita. Mashemeji wameshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni, kama mtu anayechinja kwa siri na kula peke yake.

Kutokana na hayo, nimekaa nikatafakari, na nimeona kosa si langu wala la mama mkwe, ni la elimu iliyokaa kimya. Hebu tupime. Ng'ombe anakula, anakunywa, anaongezeka, anataka joto na utulivu, na mwishowe anatoa ngozi. Bakteria wa mke wangu wanakula, wanakunywa kunishinda mimi, wanaongezeka, wanataka joto na utulivu, na wanatoa ngozi bila hata kuchinjwa. Tofauti ni umbo tu, na sijawahi kusikia mnyama akinyimwa haki yake kwa sababu ya udogo. Kwa hiyo naomba idara yako itoe tangazo, lenye mhuri, kwamba bakteria ni aina ya ng'ombe mdogo sana, na kwamba aliye bado mchanga anaweza kuitwa ndama. Tangazo liongeze kwamba ng'ombe wa aina hii kwa maumbile yake hana nyama. Hapo nitakuwa sikumdanganya mtu.

Kama mhuri haupatikani, basi naomba mke wangu afukuzwe chuo, na tarehe ya kufukuzwa irudishwe nyuma hadi kabla ya beseni la kwanza. Kwa njia hiyo mtihani utakuwa haumhusu, ngozi itakuwa haikuwahi kuwepo, na mama mkwe atakaa kwa amani juu ya kitu kisichokuwepo. Naye mke wangu atarudi kwenye cherehani yake, ambayo imekaa kimya tangu muhula uanze, na mimi kusema kweli sipendi ule ukimya.

Nisalimie walimu wote wa idara, mlinzi wa lango anayemsindikiza mke wangu mpaka barabarani, mama wa usafi, na wale bakteria waliobaki maabara, ndugu zao huku kwangu wanaendelea kunenepa.

Ni mimi kwa unyenyekevu,
Fundi wa Masofa,
mume wa mwanafunzi wa kiti cha mbele.

Nyongeza: Sikuwa nimefunga bahasha nilipopita kwa mama mkwe. Nilikusudia kumdanganya tena, kwamba naazima kiti nikakaze misumari. Nikasimama mlangoni, ulimi ukakataa. Nikamwambia hakuna ndama, hakujawahi kuwa na ndama, kazi yote ni ya binti yake na mimi nimekata tu. Yeye akaendelea kukunja nguo zake. Kisha akasema, "Beseni la kwanza lilikaa jikoni kwangu, mwanangu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe." Akainuka bila kuombwa, akanishikia kiti upande mmoja mpaka nje.

Kwa hiyo ombi la mifugo lifutwe, na lile la kufukuza lichanwe kabisa. Kiti nitakileta mwenyewe asubuhi ya mtihani. Na nimesoma karatasi ya masharti, inasema mwanafunzi alete maoni ya fundi mzoefu aliyeijaribu kazi yake bila kuambiwa imetengenezwa kwa kitu gani. Fundi huyo ni mimi. Naomba barua hii itiwe kwenye faili la mke wangu, na pale niliposema sikuitambua, tafadhali papigiwe mstari.