Simu Haikuwa ya Kazi

Alhamisi, 4 Septemba

Saa sita mchana Lameki ameegesha lori, amenikabidhi ufunguo, amesema tutaonana Jumanne. Jumanne! Ndiye dereva wangu wa pekee, hilo ndilo lori langu la pekee, na bado mtu anataka kulala.

Niandike ukweli, maana shajara hii haisomwi na mtu mwingine. Mwezi uliopita nilikuwa nampigia simu akiwa nyumbani. Mambo madogo tu: tairi, mazutu ya kutia kwenye lori, bei ya mawese, ndoto niliyoota kuhusu tairi. Akadai hapati usingizi. Safari iliyofuata akasinzia kwenye usukani, lori likaenda kusimama katikati ya mihogo ya watu iliyoanikwa kando ya barabara. Hakuna aliyeumia isipokuwa mihogo. Basi mbele ya mchungaji tukakubaliana: akiwa mapumzikoni, nisimpigie simu ya kazi. Nikimpigia, anahamia kwa Casimir.

Casimir! Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye malori mawili na meno yote. Anamtamani Lameki tangu zamani. Na Fuso langu halimtii mtu mwingine. Gia ya pili lazima ibembelezwe, na ni Lameki tu anayejua kuibembeleza. Akiondoka, nimebaki na kibanda cha chuma chenye magurudumu. Kwa hiyo nitatii. Nimeamua.

Alasiri amepiga mama wa kiwanda cha sabuni, Bujumbura. Mawese anayataka Jumatatu asubuhi, hawezi kungoja Jumatano. Bidoni, madumu yaliyojaa mafuta, ziko tayari Minago. Nikampigia Lameki. Si kwa kazi! Nimeulizia watoto, mbuzi, mguu wa shangazi yake. Kisha nikauliza, kwa jumla tu, mtu akitoka hapa Rumonge Jumapili na kupitia Minago, anafika Bujumbura saa ngapi. Akasema hii simu ni ya kazi. Nikamjibu ni swali la jiografia. Akasema kwa leo amenisamehe, lakini hakuna msamaha wa pili. Akazima simu.

Watu wengine hawapendi elimu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimetafakari wakati wa chai. Makubaliano yalisema simu. Hayakusema lori.

Nimeajiri vijana wa maegesho walisukume Fuso mpaka mbele ya nyumba ya Lameki. Wazo langu: alione, alikumbuke, moyo umlainike, aingie mwenyewe. Mimi nisiseme neno lolote. Usukani nilimpa Kabwe, rafiki yangu kinyozi, aliyetoka Fizi, Kongo, na hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua.

Njia ya kwa Lameki inateremka kuelekea ziwani. Kusukuma kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Rahisi mno! Mara lori likawaacha vijana nyuma. Nikakimbia kando yake nikimwambia Kabwe akanyage breki, na Kabwe akiniuliza ni ipi. Mwishowe likasimama lenyewe kwenye lango la ua wa Lameki, likaziba lango lote, hakuna njia ila uvunguni.

Lameki akatokea kwenye upenyo wa ua, amevaa kandambili. Akatusalimu amahoro, akawapa vijana maji, akalitazama lori. Akasema limeegeshwa vizuri. Akarudi kulala.

Aliyebaki nje ni dada yake mkubwa, Benedicte. Huyu anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, hajaolewa, na sauti yake siku ya utulivu nadhani inasikika Kongo, ng'ambo ya ziwa. Leo hakusema kitu. Alipanda juu ya lori langu akaanika ndagala kwenye turubai.

Vijana wamekataa kulisukuma kurudi. Wanasema ni mlima. Lori limelala huko, linanuka samaki.

Jumamosi, 6 Septemba

Asubuhi kazi za jumuiya, kufyeka na kuzibua mitaro. Nikajipanga kando ya Lameki. Sikumsemesha. Niliimba tu. Wimbo niliutunga papo hapo, unahusu Minago, bidoni zinazolia juani, na mama wa Bujumbura anayesubiri. Sauti yangu ilikuwa nzuri leo.

Lameki akahamia mtaro mwingine. Nikamfuata na ubeti wa pili. Akarudi mtaro wa kwanza. Chifu wa mtaa akaniuliza kama nafyeka au nafanya tamasha.

Mtaro wangu haukuzibuka. Naona watu wa hapa hawajui kusikiliza ujumbe.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani! Vipi sikuliwaza hili mapema? Lameki anaimba kwaya, yuko mbele kabisa, hawezi kutoka. Na kanisani si simu.

Ulipofika wakati wa maombi nikasimama. Watu waligeuka, maana hawakuwa wameniona tangu Pasaka. Nikaomba ndugu wanikumbuke katika sala. Nikasema kuna bidoni za mawese zimekaa Minago peke yake kama yatima. Nikasema kuna mama Bujumbura, jina lake Elda, kiwanda chake kiko nyuma ya soko, anazihitaji kesho asubuhi bila kukosa, na analipa vizuri, na simu yake inapokelewa wakati wote. Nikaomba Mungu aguse moyo wa dereva yeyote anayesikia.

Kisha nyuma kabisa mtu mmoja akasema amina, kwa sauti nene iliyojaa imani.

Casimir. Sikujua kwamba anasali hapo.

Ibada ilipokwisha nilimwona anaondoka haraka. Saa nane lori lake limepita mbele yangu likielekea Minago, na saa kumi Kabwe mwenyewe akaniambia limeonekana limejaa bidoni njia ya Bujumbura. Mzigo umekwenda. Mungu amejibu, lakini amekosea nyumba.

Lameki hakunitazama wakati wa kutoka. Alimwambia mchungaji kitu, na mchungaji akatikisa kichwa. Sipendi kichwa cha mchungaji kikitikisika hivyo.

Jumatatu, 8 Septemba

Sikula. Mzigo si neno, mzigo utapatikana mwingine. Lakini Lameki akihamia kwa Casimir, mimi nimekwisha. Niandike wazi: ninaogopa.

Kabwe akanipa ushauri akiwa ananinyoa. Akasema, "Patro, bosi wangu, kwetu mutu akikosa, anaenda na kinywaji na musemaji. Weye utanyamaza. Miye nitasema."

Wazo zuri! Nimenunua kreti ya soda, maana wale ni watu wa kanisa. Nikavaa suti. Kabwe akavaa tai ya rangi ya chungwa. Nikampa sharti moja tu: Lameki yuko mapumzikoni mpaka kesho, kwa hiyo asitaje lori, wala Minago, wala mawese, wala kazi ya aina yoyote. Kabwe akauliza basi ataje nini. Nikamwambia aongee vizuri tu, kwa heshima.

Lango limezibwa na Fuso, kwa hiyo tulipita uvunguni mwa lori, kreti mbele, sisi nyuma, suti imeingia grisi. Alitupokea Niyonkuru, baba yao mdogo. Tukaketishwa. Kabwe akasimama, akasifu nyumba, akasifu ukoo, akasifu ziwa. Akasema tumeitazama familia hii muda mrefu na tunaomba kuwa karibu nayo. Alisema vizuri sana. Hakutaja kazi hata kidogo.

Niyonkuru akavua kofia, akaivaa tena, akatuma watu waitwe. Majirani wakaja. Benedicte akaingia ndani, akatoka amevaa vitenge vya sikukuu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika mji huu, mwanamume asiye na mke akija na kreti ya vinywaji na msemaji mwenye tai, amekuja kuposa. Kila mtoto anajua hivyo. Mimi mwenyewe nimekula na kunywa kwenye posa za wenzangu, na halikunijia kichwani!

Ningeweza kusahihisha. Ningesema samahani, nimekuja kwa ajili ya dereva. Lakini huko ni kumsemesha Lameki mambo ya kazi akiwa mapumzikoni, mbele ya mashahidi, na angehamia kwa Casimir kabla soda haijaisha. Nikanyamaza. Benedicte akafungua chupa, akanywa, akanitazama. Vigelegele vikapigwa mpaka ndagala zikaanguka kutoka juu ya turubai.

Nimechumbia.

Ana macho mazuri. Siku zote nilikuwa natazama samaki. Na Lameki amenikumbatia! Ameniita shemeji! Sasa hebu nifikiri vizuri. Dada yake akiwa mke wangu, ataniachaje? Na shemeji hupigiwa simu wakati wowote, hakuna mchungaji anayeweza kuzuia. Huu ni mpango bora kuliko yote niliyowahi kupanga, na sikuupanga!

Jumanne, 9 Septemba

Asubuhi nilisikia mlio wa Fuso. Lameki ameuchukua ufunguo ambao Kabwe aliuacha ndani ya lori tangu Ijumaa, amelipandisha mlima mwenyewe, gia ya pili ikaingia bila kelele, akaliegesha uani kwangu. Nilitoka nimefungua mikono. Akanipa ufunguo kwa mikono miwili.

Akasema, "Shemeji, nakuheshimu. Ndiyo maana siwezi kukufanyia kazi. Wewe huwezi tena kunituma, na mimi siwezi tena kukukatalia. Tutagombana, na atakayeumia ni dada."

Nikamwambia sitamtuma, nitamwomba tu. Akasema hiyo ni mbaya zaidi. Nikauliza kama posa inaweza kusogezwa hadi msimu wa mawese upite. Akatazama nyuma yangu. Benedicte alikuwa amesimama pale na beseni la ndagala, na alikuwa amesikia. Nikasema nilikuwa natania.

Lameki ameanza kazi kwa Casimir leo leo. Casimir hawasumbui madereva wake majumbani, maana simu yake inakaa dukani kwa mkewe. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikalia kidogo. Nimepoteza dereva bora wa pwani yote hii, na nimempoteza kwa kreti niliyoinunua mwenyewe. Benedicte alinikuta humo. Hakucheka. Aliketi kando yangu akanipa ndagala za kukaanga, tukala tukiangalia ukuta.

Alhamisi, 18 Septemba

Nina dereva mpya! Anaitwa Aristide, kwao Kabonga. Benedicte ndiye aliyempata sokoni. Gia ya pili ilimgomea, akaitukana kwa Kirundi, ikaingia. Safari ya kwanza imekwenda salama na mama Elda ameturudia.

Benedicte alituketisha wote wawili, akanitaka niahidi mbele yake kwamba Aristide akiwa nyumbani sitamtafuta kwa kazi. Nimeahidi kwa moyo mweupe. Mtu hujifunza. Nilimpoteza Lameki kwa sababu sikuthamini usingizi wa wengine, na sasa nauthamini kuliko mtu yeyote Rumonge.

Jana Aristide amekwenda kwao kupumzika. Leo asubuhi nikampigia, kumtakia tu mapumziko mema. Hakupokea. Nikapiga tena kumweleza kwamba ile simu ya kwanza haikuwa ya kazi, asije akawa na wasiwasi. Hakupokea. Nikapiga kumwambia asijisumbue kupokea. Sasa simu imezimwa kabisa.

Jambo hili limeniumiza roho. Mtu anayezima simu namna hiyo hapumziki, huyo akili yake iko kazini. Lazima mtu amtulize. Nimemwambia Benedicte naenda kunyoa, na hivi naandika niko stendi, nangoja gari la kwenda Kabonga. Nitaingia kwake bila kupiga simu, nisije nikamsumbua.