Mtaa Wetu Umefanywa Maskini kwa Usiku Mmoja

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Sensa,
Lima.

Pole kwa kazi ya kuhesabu watu, maana najua hawatulii. Mimi ni Wenceslao Urrunaga wa mtaa wa Lomas del Huarango, nyumbani kwa mpwa wangu Fiorella, nilikokuja kusalimia kwa wiki mbili na mwaka wa sita huu bado nasalimia. Shule niliiacha mapema nisije nikawaaibisha walimu.

Gazeti linasema, kwa takwimu zako, watu wa mtaa wetu wameongezeka maradufu na wastani wa kipato umeporomoka. Mheshimiwa, hapa hata mbwa wana daktari wa meno. Nalalamika hivi:

1. Siku ya sensa ulikataza watu kutoka nje kutwa nzima, ukaagiza ahesabiwe kila aliyelala ndani. Sasa nani angepika? Kila nyumba ikawabakiza wafanyakazi wanaoondokaga jioni: mpishi, dobi, mtunza bustani, mtembeza mbwa. Karani wako akawaandika wote. Nikamwambia, "Kijana, hawa wa kuazima." Akajibu, "Babu, kalala hapa, ni wa hapa." Babu, ananiita mimi, niliyeogelea baharini hadi kisiwani na sigara mdomoni, nikarudi nayo inawaka.

2. Manispaa imeona takwimu ikatuweka kwenye mitaa yenye shida. Lori la maziwa ya bure linakuja kila asubuhi, na jiko la supu limefunguliwa kwenye uwanja wa tenisi. Watu wanapanga foleni na bakuli za kaure. Juzi jaji mstaafu alimsukuma balozi mstaafu: "Subiri zamu yako, mzee, mimi maskini kukuzidi."

3. Hapa ndipo panapouma. Fiorella alikuwa aolewe mwezi ujao. Mama wa bwana harusi, Bi Hortensia, kasoma gazeti lilelile, kapiga simu: "Mwanangu haoi kwenye mtaa wa misaada." Fiorella kajifungia chumbani. Mpishi wetu Eufrasia anambembeleza mlangoni: "Njoo ule, binti. Mimi natoka mtaa wa misaada na nimeolewa mara mbili."

4. Kama kulala ndio uenyeji, mimi niliwahi kusinzia kwenye benchi la ikulu nikisubiri barua yangu ijibiwe. Basi uniandike mimi kuwa Rais, na mshahara wake uingie kwenye wastani wetu. Hilo tu lingetuinua.

Kwa hiyo naomba sensa irudiwe mtaani kwetu Jumapili hii, wahesabiwe wenyewe tu, gazeti litoe Jumatatu, na harusi iendelee.

Wasalimie makarani wote, mama watoto wako, na hata yule kijana wa "Babu".

Wako mtiifu, isipokuwa kwenye hesabu,
Wenceslao Urrunaga

Nyongeza: Nimemwambia Fiorella kwamba umeshakubali. Ametoka chumbani, na kwa furaha kamwalika Bi Hortensia na ukoo wake walale kwetu Jumamosi, washuhudie hesabu kwa macho yao. Ni watu wengi, na hakuna hata mmoja anayejua kuosha kikombe, kwa hiyo nimemwomba Eufrasia alale, na dada zake, na mtunza bustani. Majirani wamesikia tuna wageni, nao wamewabakiza wa kwao. Karani aje tu, chakula kipo. Na akimkuta Bi Hortensia kitandani amwandike bila kumwonea haya. Kalala hapa, ni wa hapa.