Ombi la Kurudishiwa Benchi la Tatu

Kwa Padre Fulgenzio,
Mkuu wa Kanisa Kuu, Roccasera.

Mheshimiwa Padre,

Kwanza naungama jambo ambalo sijamwambia mtu, hata kwenye kitubio. Alhamisi iliyopita niliingia katika kanisa nililobatiziwa nikijifanya mtu wa Torino. Nilibandikwa stika ya njano kifuani, nikaufuata mwavuli wa kiongozi wa watalii. Bibi yangu, Ersilia, alikuwa na stika yake pia. Sababu ni hizi:

1. Tangu Pasaka mlango mkubwa ni wa watalii wenye tiketi. Sisi wenyeji tumepewa mlango wa pembeni, na bawabu wa kutupima kama kweli tunakuja kusali. Nashukuru kwa uangalifu huo, maana mwizi wa sala angeweza kupenya. Bibi ana miaka themanini na minne, na tangu aolewe amekaa benchi la tatu kila alasiri. Bawabu Ivo akamwambia, "Haya bibi, nisomee Salamu Malkia, nisikie." Bibi ndiye aliyemfundisha Ivo sala hiyo. Kwa hasira akaisahau katikati. "Basi nenda nyumbani ukajikumbushe, mama yangu." Bibi alilia njia nzima, naye si mtu wa kulia.

2. Ndipo tukajichomeka kati ya wastaafu wa Torino, ambao huja kwa basi kila Alhamisi. Kiongozi alituhesabu, akakuta wamezidi wawili, akafurahi. Mimi nina haya, sikufungua mdomo, kwa hiyo lafudhi haikutusaliti. Ndani, benchi la tatu limezungushiwa kamba. Kiongozi akatangaza, "Wanawake wa mji huu bado husali hapa kila siku." Wote wakageuka kuwatafuta. Bibi akainua mkono.

"Maswali mwishoni, mama."

3. Bibi alipiga magoti nje ya kamba. Mzee mmoja akampiga picha, kisha akamwomba asimame apige magoti upya, kwa sababu kichwa cha mkewe kilikuwa kimeingia kwenye picha.

Kwa hiyo naomba Bibi arudishiwe benchi lake. Kama ni vigumu, wakazi wote tuandikishwe kuwa kundi la watalii. Mwavuli tutanunua. Misa iwe dakika kumi na tano, pamoja na muda wa picha. Watoto wabatizwe ishirini ishirini. Wafu wetu wapitie mlango mkubwa, kwa kuwa hawataweza kumsomea Ivo chochote. Stika tutawabandika wenyewe.

Nisalimie masista, wanakwaya, mpiga kengele, na Ivo pia.

Ni mimi, mwanaparokia wako mtiifu,
Ottavia Fioroni

Tanbihi: Bibi ameisoma barua hii, akasema niichane. Benchi halitaki tena. Anataka Alhamisi turudi na watu wa Torino. Ukutani juu ya benchi lake amechorwa mwanamume mwenye kisu, ambaye Bibi amemwomba miaka sitini na miwili akijua ni Mtakatifu Bartolomayo, yule aliyechunwa ngozi. Kiongozi ameeleza kwamba ni mchinja nguruwe aliyelipia mchoro. "Na karibu yote niliyomwomba alinipa!" Bibi anasema. Sasa hataki kuomba tena kabla hajaelezwa wale wengine ukutani ni akina nani.

Naituma tu kwa kuwa stempu nimeshabandika. Tafadhali, Padre, iwe siri yako. Na ukimwomba Mtakatifu Bartolomayo, usimtajie jina la Bibi.