Mshika Saa wa Mazishi

Jumatatu, 5 Agosti. Ndhiwa.
Kamati ya mazishi ya mama yake jirani yetu Gordon inatafuta mshika saa. Mshika saa ndiye mfalme wa mazishi! Anawagawia wasemaji dakika tano tano, na yeye mwenyewe hapimwi na mtu. Nina hotuba ya kurasa tisa inayolaani hotuba ndefu. Cheo hiki ni changu.

Mpinzani: Zadock. Ana saa ya Uswisi, bei ya ng'ombe wawili wa maziwa. Haitiwi ufunguo, inajijaza yenyewe mkono ukitembea. Yangu niliinunua sokoni Migori kwa bei ya kuku watatu. Naitia ufunguo kila asubuhi kwa vidole vyangu, kama mtu huru. Nimeiambia kamati kwamba saa inayosubiri kutikiswa ndipo ifanye kazi ni sawa na mbunge. Wamecheka. Zadock hakucheka.

Nimependekeza zishindanishwe. Zilale siku mbili katika kabati la Leonida, mwenyekiti wetu, na kila mtu aruhusiwe kuitia yake ufunguo asubuhi. Zadock amekubali. Maskini! Kabatini hakuna mkono.

Jumatano, 7 Agosti.
Usaliti. Saa ya Zadock inakwenda sawasawa na redio. Leonida anasema aliona inaonewa, imefungiwa bila mkono, basi tangu jana ameivaa akisonga ugali wa waombolezaji. Uswisi nzima imeokolewa na mwiko! Yangu iko nyuma dakika saba. Nimeeleza kwamba haina kosa, ila imezoea hewa ya Migori. Nimeruhusiwa kulala nayo usiku mmoja.

Nimeiweka juu ya spika ya redio yangu kubwa, iisikie milio ya taarifa ya habari mpaka ijirekebishe.

Alhamisi, 8 Agosti.
Imepona! Imepona kupita kiasi: imeitangulia redio kwa saa kadhaa. Nimerudisha mishale kimya kimya kabla ya kuipeleka. Zadock ameitegea sikio. Anadai inapiga kama moyo wa mwizi, ati sumaku ya spika imeingia kwenye springi. "Omera, ndugu yangu, hiyo saa imelewa," akaniambia. Wivu wa tajiri.

Kamati ikazijaribu katika maombi ya jioni. Mhubiri wa kwanza, kwa saa ya Zadock, alipata dakika tano kamili. Watu wakasinzia, mchuzi ukapoa. Wa pili, kwa yangu, alikatwa akiwa bado anawasalimu wakwe. Akina mama wa jikoni wakapiga makofi. Kura zote kwangu. Ukweli haununuliwi.

Jumamosi, 10 Agosti.
Ushindi! Diwani mmoja alikatwa kabla hajataja chama chake. Mama wa watu amezikwa kwa heshima, na wali ukaliwa ungali moto. Gordon alinishika mkono, akasema mama yake angefurahi, maana alichukia kelele. Moyo wangu ulitulia kabisa.

Kisha nikasimama na kurasa zangu tisa. Leonida akanyoosha mkono nimkabidhi saa. Anasema mshika saa hajishikii mwenyewe. Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa katikati ya ukurasa wa kwanza, kwenye maneno "kwa ufupi", aliposema, "Baba Dorine, muda umekwisha. Keti ule."

Nikaketi. Wali ulikuwa mzuri.

Jumapili, 11 Agosti.
Nimetafakari. Leonida haoni vizuri bila miwani. Kosa ni hilo tu. Watu wa Sori wameniomba nikashike saa kwao wiki ijayo, nami nimekubali. Hotuba nimeifikisha kurasa kumi na mbili, nikiongeza sura juu ya ubaya wa kumkatiza msemaji.

Leo nimefika kanisani saa nne kamili, kwa saa yangu. Mlango umefungwa. Hakuna mchungaji, hakuna kwaya, mlinzi yuko nje anapiga mswaki. Nimemkaripia kwa niaba ya waumini wote waliochelewa.