Nilivyompeleka Bibi Hawaii

Jumatatu, 3 Juni
Bibi Ernestine kafanyiwa operesheni ya macho. Haoni skrini. Kanikabidhi neno lake la siri la kompyuta. Mimi, Lamar. Si binamu yangu Odell, mwenye digrii na shingo ya bata mzinga.

Kazi yenyewe ndogo: nihakikishe chumba chake cha hoteli kule Daytona bado kipo. Kila mwaka Bibi humaliza pointi zake zote za hoteli, alizokwisha kuzilipia, kwa wiki moja ya katikati ya Julai. Ghorofa ya sita, kona, kibaraza kinatazama bahari. Pale alikuwa akikaa na marehemu Babu, wanakula pichi za kopo kwa kijiko kimoja. Safari hii anatimiza miaka sabini na mitano hukohuko. Kasema hataki keki wala wageni, anataka kibaraza chake tu.

Chumba kipo. Kazi imekwisha kabla barafu haijayeyuka kwenye chai yangu. Lakini mtu mwenye kichwa kama hiki hapewi neno la siri akalala.

Jumanne, 4 Juni
Odell kaja na kiti cha kukanda mgongo. Kinanguruma kama trekta. Bibi kakikalia, kafumba macho, kasema Odell ana moyo. Mimi je, nina figo tu?

Nimesoma usiku na mchana (saa moja hivi). Wiki si lazima uitumie. Iko kampuni ya kubadilishana, yenyewe haina hoteli hata moja, kazi yake ni ushenga. Wewe unaikabidhi wiki yako, mtu wa mbali anaikabidhi yake, mshenga anawaoza. Wiki yenye bahari na joto la Julai ni bibi harusi wa kugombaniwa. Basi Bibi anakwenda Hawaii.

Palikuwa na vitufe viwili. Kimoja: tafuta kwanza, ukipata ndipo ukabidhi. Hicho ni cha waoga. Cha pili: kabidhi sasa. Skrini ikauliza kama nina hakika, maana wiki ikishakabidhiwa hairudi. Aliyekuwa na wasiwasi hakufika Hawaii. Nikabonyeza.

Nilikuwa sijamaliza kukaanga yai, ujumbe ukaja kuwa wiki yetu imeshachukuliwa. Imegombaniwa kama mkate wa moto! Hawaii bado inatafutwa.

Jumapili, 9 Juni
Bibi sijamwambia. Zawadi huwa ya kushtukiza. Kwaya nimeiambia, lakini kwa siri.

Baada ya ibada Dada Verlene Tibbs kanivuta pembeni. Huyu na Bibi wanashindana kofia na pai za pichi tangu mama yangu hajazaliwa. Kofia ya leo ilikuwa na manyoya, waumini wa nyuma hawakumwona mchungaji. Kaniuliza kwa upole kama ni kweli hatwendi tena Daytona. Nikamwambia Daytona ni ya watu ambao hawajatembea. Akacheka mpaka akashika nguzo, akanikatia kipande cha pili cha pai.

Mama mwema. Sijui kwa nini Bibi humwita nyigu.

Jumatano, 19 Juni
Sikukuu ya Uhuru, ule wa watumwa, nyama uwanjani kwa kanisa. Mbavu mkono wa kulia, soda nyekundu wa kushoto, simu ikalia. Mshenga! Wamepata: Branson, Missouri. Mwezi wa Februari. Mandhari: maegesho ya magari.

Nikamuuliza yule dada wa kampuni bahari iko wapi. Kasema Missouri haijawahi kuwa nayo. Nikauliza Hawaii. Akapumua kama mwalimu wangu wa hesabu. Kaka, akasema, wa Hawaii wa Julai walipanga foleni tangu mwaka jana, wewe umekuja juzi na ndoo. Nikamwambia basi nirudishie Daytona yangu. Kasema Daytona ina mwenyewe sasa.

Branson nimeichukua kwa muda, kama mtu avaavyo kandambili akisubiri viatu.

Jumapili, 30 Juni
Siku mbaya. Wakati wa ushuhuda Dada Verlene kasimama. Kasema miaka miwili ameacha ombi lake kwa kampuni ya kubadilishana, analiombea kila usiku, na mwezi huu Bwana amemfungulia: Daytona, katikati ya Julai, ghorofa ya sita, kona. Kanisa zima likasema Amina. Mimi pia nikasema, kwa mazoea.

Bibi kageuza shingo taratibu mpaka macho yake mapya yakanifikia.

Nyumbani nilimweleza yote, vitufe, ushenga, foleni. Nilingoja nipigwe. Aliniuliza tu kama Odell alinisaidia. Nikasema hapana, ni akili yangu mwenyewe. Kasema ndivyo alivyodhani. Halafu akasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kisha akaenda kwenye sanduku ambalo alishaanza kulipanga, akatoa kopo la pichi, akalirudisha kabatini.

Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 13 Julai
Asubuhi honi mlangoni. Dada Verlene, gari lake kubwa, kofia imejaza kiti cha mbele.

Kasema hivi: “Ernestine, mle ndani mna vitanda viwili na kochi la kukunjua. Nimekingoja kibaraza hiki miaka miwili. Sitakaa pale nikikufikiria wewe. Utanipotezea ladha.”

Bibi kasema afadhali atembee kwa miguu mpaka Daytona.

“Tembea, shoga. Lakini hizo pichi zako za kopo zipande gari.”

Bibi kasimama kizingitini. Akatazama barabara, akatazama kofia. Kisha akasema kiti cha mbele ni chake, kofia ikakae nyuma. Kofia ikakaa nyuma. Na mimi, mbeba mizigo, nikakaa chini yake, saa zote hadi Daytona, manyoya puani.

Kochi lina chuma katikati ya mgongo. Nitalala wiki nzima ya Bibi kama mgeni wa mgeni.

Jumanne, 16 Julai
Siku yenyewe ya kuzaliwa. Hao wawili wako kibarazani tangu alfajiri. Kopo moja, kijiko kimoja. Dada Verlene kamwambia Bibi amemeza pichi nyingi kuliko haki. Bibi kamwambia mwenye chumba ndiye mwenye pichi. Dada Verlene kauliza mwenye chumba ni nani hasa. Wakacheka mpaka majirani wakachungulia. Mara Bibi akatazama maji, na mwenzake akamsogezea kijiko.

Kwa hiyo ukitazama vizuri, mpango wangu umefaulu. Hawaii wangecheka hivi?

Bibi kaniita, kaniapisha mbele ya bahari: pointi zake nisiziguse tena, nikizigusa atanikata vidole. Nimeapa. Branson nimempa Odell zawadi ya Krismasi. Amenishukuru. Hajasoma mwezi.

Jioni Bibi kakalia miwani ya Dada Verlene. Kasema kwa bahati mbaya. Sasa Dada Verlene haoni simu, na anataka kujua kama ile nyumba yake ya milimani, Tennessee, wiki ya Oktoba, bado ipo. Kanipa neno lake la siri. Kanipigia kelele kutoka kibarazani: tazama tu, mwanangu, usiguse kitu.

Nimetazama. Ipo. Oktoba, majani yamewiva mekundu, kila mtu duniani anaitaka. Bibi harusi mwingine huyu. Na mimi nimeapa kuhusu pointi za Bibi tu.

Skrini inauliza kama nina hakika.