Mwethya wa Mkahawani

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Mbodze amebeba sahani tano kwa mkono mmoja! Wali wa nazi, samaki, mchuzi, na hakumwaga hata tone. Wateja waliacha kula wakamtazama. Nami pia. Tangu nimwajiri, mkahawa wangu hapa Msambweni unajaa. Leo ameomba mkataba wa maandishi, mshahara wa mwezi na siku ya mapumziko kila wiki. Akasema ni sheria, akaitaja kifungu kwa kifungu huku akipangusa meza. Asipopata kufikia Jumapili, anahamia hotelini Diani. Nitakwisha!

Jumanne, 9 Septemba
Nimepata dawa. Kwetu Ukambani kuna mwethya: majirani wanakulimia, wewe unawalisha, hakuna anayedai mshahara. Nimemwambia Mbodze na wenzake wawili kwamba kuanzia leo mkahawa huu ni mwethya. Mbodze akafikiri kidogo, akakubali. Akili yangu wakati mwingine inanitisha.

Alhamisi, 11 Septemba
Mbodze amekuja na jembe. Akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, akanikumbusha kuwa mwethya ni zamu. Sasa ni zamu ya shamba la mama yake, Mkongani. Nilibisha. Kavenya, mke wangu, akathibitisha. Msaliti! Ekari mbili! Mama mtu alinilisha muhogo, akauliza kama nimewahi kushika jembe.

Ijumaa, 12 Septemba
Mgongo umekataa kunyooka. Wale wenzake wana mashamba Munje na Ramisi, wanauliza nitakwenda lini. Mwethya nimeuvunja. Kavenya asema niandike mkataba, ni karatasi moja tu. Haoni mbali huyu. Mbia halipwi mshahara! Nimempa Mbodze nusu ya mkahawa.

Jumapili, 14 Septemba
Mbodze ameleta mkataba wa ubia. Kurasa nne, muhuri wa wakili! Sijawahi kuona kitu kizuri hivi. Yeye atasimamia jikoni, wafanyakazi na droo ya pesa. Mimi nitahudumia meza. Nimetia sahihi upesi kabla hajazinduka. Wenzake amewaandikia mikataba papo hapo. Nikauliza siku yangu ya mapumziko. Akanieleza, kwa upole, kwamba sheria hiyo ni ya waajiriwa, si ya wenye mali. Wenye mali! Mwili ulinisisimka. Kesho naingia zamu saa kumi na mbili asubuhi. Nimemweza kabisa.