Uchunguzi wa Nani Alianza

Jumatatu, 9 Machi 2026

Majibu ya mke wangu Marselina yametoka: malengelenge ya sehemu za siri, aina ya kwanza ya virusi. Nesi alichukua majimaji ya kidonda kikiwa bado kibichi, kwa hiyo hakuna shaka. Ameniambia mwenyewe, macho makavu. Anataka Ijumaa twende wote kwa ushauri. Sharti moja: nisiulize nani alianza. Nikimhoji kama mwanafunzi mchelewaji, atakwenda kwa kaka yake, kijijini Msowero. Nimekubali. Mwalimu wa historia hahoji. Huchunguza!

Jumanne, 10 Machi

Mkakati: kupima damu Mikumi, nisikojulikana. Damu safi itanisemea. Nyumbani nimeaga kwamba kuna semina. Nimekaa kwenye benchi la zahanati, mara sauti: "Mwalimu Lupakisyo! Na wewe unaumwa nini?" Mwinshehe, mzazi wa mwanafunzi wangu. Nikasema macho. Mtu mwema kupita kiasi: akanishika mkono hadi foleni ya macho. Saa moja na nusu! Nikasoma herufi zote hadi mstari wa mwisho. Daktari akataka kujua nilifuata nini. Maabara nimeingilia mlango wa nyuma.

Alhamisi, 12 Machi

Damu si safi. Aina ya kwanza! Nesi Sikuzani wa Mikumi amefafanua: kipimo cha damu huonyesha kwamba virusi vimo, hakionyeshi viliingia lini wala vilitoka kwa nani. Mtu aweza kukaa navyo miaka bila dalili. Akauliza kama huwa natokwa na malengelenge mdomoni. Nikajibu: tangu shule ya msingi, kila nipatapo homa, jambo la kawaida. Akasema virusi ni hivyo hivyo, na kutoka mdomoni huweza kufika huko kwingine. Nikaomba tarehe ya maambukizi kwa maandishi. Akacheka hadi akaweka kalamu chini. "Mwalimu, damu haina kalenda."

Atakuwa hajasoma vya kutosha.

Ijumaa, 13 Machi

Mbele ya nesi wa Kilosa nimetoa jedwali: safari zote za Marselina kwenda kuuza mchele Dumila, miaka minane, kwa tarehe. Kwa ajili ya ukamilifu tu! Amelisoma lote, taratibu. Akaweka kidole kwenye Juni 2021. "Hapo nilikwenda kumzika shangazi yako, Baba Rebeka." Kisha akamwambia nesi kwamba ugonjwa anaumudu, mahojiano, hapana. Jioni ameondoka na begi dogo.

Jumapili, 15 Machi

Simu kutoka Msowero! Marselina yuko tayari kurudi. Nifike leo kabla ya saa kumi, niseme mbele ya kaka yake Ditram sentensi moja tu: haijulikani nani alianza, na haidhuru. Nisipotokea, Ditram ataita wazee na ndoa itajadiliwa. Nimelia kwa furaha. Nimepiga pasi shati. Sentensi nimeikariri.

Kituoni nimekumbuka jambo. Darasa la tatu, Yeremia na mimi tulichangia kikombe kimoja mwaka mzima. Mdomo wake haukukauka vidonda! Siku hizi analima mpunga Tindiga. Akikiri, itajulikana nani alianza, tena kwa ushahidi wa shahidi aliye hai. Marselina atafarijika mno.

Saa nne kasoro. Gari la Msowero, la pekee kwa leo, limeondoka. Nimepanda la Tindiga.